Mkono uliingia kabla ya kitabu au baada yake? Jibu kwa mhasibu anayejiandaa na mtihani wa CFE

SWALI: Shikamoo dada. Mimi ni mhasibu wa AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, ya kahawa huku Mbozi, huu ni mwaka wa tatu. Nina shahada ya uhasibu. Nimejisajili kufanya mtihani wa CFE, ule wa wachunguzi wa udanganyifu, na nimesoma kila usiku kwa miezi miwili. Maswali ya mazoezi napata hadi asilimia 80, ila nahisi nakariri tu, maana swali likigeuzwa kidogo napotea. Skimingi na laseni, zile mbinu mbili za kuiba fedha taslimu, ndizo zinanichanganya zaidi. Na sehemu ya Sheria naona kama wanazungumzia nchi nyingine kabisa. Nisome vipi? Na je, kazi ya AMCOS inahesabika?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Nianze na hilo la mwisho, maana ni fupi. ACFE, chama kinachotoa cheti hiki, chenye makao yake Austin, Texas, kinapima waombaji kwa pointi. Ukiwa na pointi 40 unaruhusiwa kufanya mtihani, na shahada yako peke yake inakupa hizo 40. Cheti chenyewe kinataka pointi 50, pamoja na angalau miaka 2 ya kazi inayogusa udanganyifu. Kila mwaka wa kazi ya namna hiyo ni pointi 5, kwa hiyo hesabu yako inaweza kutimia. Ila kuingiza miamala vitabuni peke yake hakutoshi. Kwenye maombi yako eleza ulivyolinganisha kilo za mizani na malipo ya wakulima, ulivyohakikisha anayepokea kahawa siye anayelipa, ulivyokagua stakabadhi. Kama hayo hujawahi kuyafanya, msimu huu wa kahawa usipite bila kuyafanya.

Sasa tuje kwenye kukariri. Nilipofanya mimi, mtihani ulikuwa na sehemu nne: Miamala ya Fedha na Mbinu za Udanganyifu, Sheria, Uchunguzi, na Kuzuia Udanganyifu. Kila sehemu maswali 100 kwa saa 2, na kufaulu ni asilimia 75. Alama zako za mazoezi si mbaya, lakini ni kweli unavyohisi: ukirudia maswali yaleyale, kichwa kinashika jibu kinaacha sababu. Dawa yake niliipata kwenye kitabu cha stakabadhi, si kwenye kitabu cha masomo.

Miaka kadhaa nyuma niliitwa kukagua chama kimoja cha kuweka na kukopa hapa Mbeya. Mama mmoja mwanachama, mfanyabiashara wa mchele, alikuwa amekuja na stakabadhi yake halisi ya rejesho la mkopo: Sh. 480,000, na kwa maneno imeandikwa laki nne na themanini elfu. Nikafungua kitabu, nikatafuta nakala yenye namba ileile. Inasema Sh. 48,000, arobaini na nane elfu. Tarehe ileile, jina lilelile. Niliinua ile nakala kwenye mwanga wa dirisha. Maandishi yake hayakuwa ya kaboni, yalikuwa ya wino wa kalamu, yameandikwa moja kwa moja juu ya karatasi ya nakala. Stakabadhi ya kabla yake na ya baada yake zote zilikuwa na ule weusi wa kaboni uliofifia pembeni. Hii moja hapana. Maana yake mtunza fedha alikinga karatasi ngumu katikati wakati anamwandikia mama, kisha akaijaza nakala peke yake baadaye.

Funga macho kidogo ujibu: hiyo ni skimingi au laseni?

Usianze kutafuta tafsiri kichwani. Jiulize swali moja tu: mkono uliingia kabla fedha haijafika kwenye vitabu, au baada? Mama alitoa 480,000. Vitabu vya chama viliijua 48,000 tu. Zile 432,000 hazikuwahi kuandikwa popote ndani ya chama, zilichukuliwa zikiwa bado njiani. Hiyo ni skimingi. Sasa igeuze mwenyewe, kama mtihani utakavyoigeuza. Tuseme nakala inasema 480,000 sawasawa, kitabu cha fedha kinasema 480,000, lakini slipu ya benki ya siku ile imepungua. Hapo vitabu vilishaijua fedha kabla haijaibwa. Hiyo ni laseni. Mtu ni yuleyule, droo ni ileile, kilichobadilika ni mahali mkono ulipoingia.

Ukishika hapo utaona kwa nini skimingi ni ngumu kuibaini kuliko laseni. Laseni inaacha pengo kati ya kitabu na fedha iliyopo, na mkaguzi akilinganisha kitabu cha fedha na taarifa ya benki atakutana nalo. Skimingi haiachi pengo la namna hiyo, kwa sababu vitabu havikuwahi kuahidi fedha hiyo. Sisi tuliibaini kwa kutoka nje ya vitabu. Tulizunguka kwa wanachama, Uyole hadi Mwanjelwa, tukawaomba stakabadhi zao halisi tukazilinganisha na nakala moja moja.

Lapingi nayo, yaani kuficha wizi wa malipo ya mtu mmoja kwa malipo ya mwingine, isome kwa swali hilohilo. Mtunza fedha kachukua rejesho la mwanachama wa kwanza kabla halijaandikwa. Keshokutwa huyo mwanachama atauliza salio lake, kwa hiyo akija wa pili, fedha yake inaandikwa kwa jina la wa kwanza, na ya wa tatu inaziba ya wa pili. Anaziba shimo kwa udongo wa shimo jingine. Utamnasa kwa kulinganisha tarehe ya stakabadhi na tarehe iliyoingizwa kwenye leja ya mwanachama: siku zinachelewa, na zinachelewa kwa watu wengi. Pia utamkuta mtu asiyekubali kwenda likizo, maana akikaa nyumbani wiki moja mlolongo unakatika.

Kwa hiyo kila mbinu utakayokutana nayo, chora njia ya fedha kwenye karatasi, weka alama ya X pale mkono ulipoingia, kisha andika mstari mmoja: karatasi gani itapingana na karatasi gani. Wafanyakazi hewa, kwa mfano. Tangu uhakiki wa watumishi wa mwaka 2016 hakuna Mtanzania asiyejua neno hilo, lakini mtihani hautakuuliza neno. Utakuuliza fedha ilitokaje, na jibu ni kwamba ilitoka ikiwa imeandikwa vizuri kabisa vitabuni, kwa idhini iliyoonekana halali. Ndiyo maana inakaa kwenye kundi la malipo ya udanganyifu, mbali na skimingi na laseni. Fanya hivyo kwa mbinu ishirini na maswali yakigeuzwa hutapotea.

Sheria. Mimi sehemu hii nilianguka mara ya kwanza, na sababu ni ileile inayokusumbua wewe. Nilijibu kama mtu anayefanya kazi Tanzania: Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Zote unazihitaji kazini, na usiziache. Lakini mtihani unauliza misingi. Jifunze kutofautisha nchi ambako mawakili wa pande mbili wanapambana na hakimu anasikiliza, ndiyo mfumo wetu tuliourithi kwa Waingereza, na nchi kama Ufaransa ambako hakimu mwenyewe anaweza kuongoza uchunguzi. Jifunze viwango vya ushahidi: kesi ya jinai inataka kuthibitishwa pasipo kuacha shaka ya msingi, ya madai inapimwa kwa mizania ya uwezekano. Na hatua tatu za kutakatisha fedha: kuiingiza kwenye mfumo, kuizungusha ipoteze asili yake, kisha kuirudisha ikiwa na sura ya halali. Ukisoma swali, jiulize kwanza linazungumzia mfumo upi, ndipo uangalie majibu. Na neno "isipokuwa" kwenye swali lipigie mstari, limeangusha wengi.

Kuna kanuni moja ya maadili ya ACFE ambayo utaikuta kwenye mtihani, na kazini utaikuta mara kumi zaidi. Mchunguzi haruhusiwi kutoa maoni kwamba mtu fulani ana hatia au hana. Kwenye kile chama, mwenyekiti alinisihi niandike kwenye ripoti kwamba mtunza fedha ni mwizi. Wanachama wana hasira, alisema, wanataka kusikia neno hilo. Nilimwelewa, lakini sikuliandika. Niliandika stakabadhi ngapi hazikulingana na nakala zake, jumla ya tofauti, nani alikuwa na kitabu siku hizo, na yeye mwenyewe alisema nini alipoulizwa. Hatia inaamuliwa na mahakama. Ukiandika wewe neno hilo, umempa wakili wa upande wa pili mlango wa kuitupa kazi yako yote, na kama umekosea umemharibia mtu maisha katika mji mdogo ambako kila mtu anamjua kila mtu.

Sehemu ya Uchunguzi ukiwa mhasibu utaidharau, na ndipo itakapokupunguzia alama. Mahojiano yana mpangilio: anza na walio mbali na tuhuma, sogea taratibu, mtuhumiwa awe wa mwisho, ukiwa na nyaraka mkononi. Hati halisi usiiandike, usiipige pini, usiitoboe kwa faili. Iweke kwenye bahasha, andika ilipatikana wapi, lini, kwa nani, na kila anayeipokea asaini. Kuna pia kanuni ya Benford, inayosaidia kunusa takwimu za kubuni: katika takwimu nyingi za asili, tarakimu ya kwanza huwa 1 kwa takriban asilimia 30, na huwa 9 kwa chini ya asilimia 5. Kumbuka pia mahali isipofanya kazi. Kama AMCOS yenu inakata mchango uleule kwa kila mkulima, au mnasoma namba za simu, au kiasi kina kiwango cha chini na cha juu, Benford hana la kukuambia.

Kuzuia Udanganyifu ni nyepesi kwako. Pembetatu ya udanganyifu, inayotokana na kazi ya Donald Cressey, mtaalamu wa jinai aliyehoji wafungwa waliokula fedha walizoaminiwa, ina shinikizo, fursa na kujihalalishia. Hiyo ya tatu utaitambua kwa sauti yake: "nimeazima tu, kahawa ikiuzwa narudisha." Shika pia kwamba ripoti ya ACFE ya mwaka 2024 ilionyesha asilimia 43 ya kesi zilibainika kwa sababu mtu alitoa taarifa, kuliko njia nyingine yoyote. Kesi yangu ililetwa na mama mwenye stakabadhi mkononi.

Ratiba: anza na Miamala wakati mbinu bado ni mbichi kichwani, Sheria ipe wiki tatu peke yake, Uchunguzi na Kuzuia zifuate. Usifanye sehemu mbili siku moja baada ya kazi. Mtihani unafanyika kwa intaneti huku unaangaliwa kwa kamera, na mtu mwingine hatakiwi chumbani. Kwa hiyo usiufanyie ofisini Vwawa wakati wakulima wanakuja kuulizia malipo. Tafuta chumba cha kujifungia, kompyuta iliyojaa chaji, na laini mbili za mitandao tofauti, maana mvua zetu zikianza umeme hauaminiki. Malipo ni kwa dola, hivyo pitia bei kwenye ukurasa wao rasmi kabla hujabadilisha fedha.

Na kesho ukifika kazini, chukua kitabu kimoja cha stakabadhi kilichokwisha, kaa nacho dirishani, ugeuze nakala moja baada ya nyingine uangalie kaboni.