Vidoa machoni na povu kwenye mkojo wa mama

Pole sana, dada. Umesema mama ana kisukari miaka 9, sasa ghafla anaona vidoa vyeusi vikielea, mkojo unatoa povu, nawe unauliza kama abadili miwani. Miwani isubiri. Huenda mshipa mdogo umevuja damu ndani ya jicho. Mpeleke kwa daktari wa macho leo au kesho. Watamtia matone ya kupanua mboni, ataona ukungu kwa saa kadhaa, kwa hiyo asiende peke yake. Baba yangu tulimchelewesha: tulishtuka siku alipomimina chai pembeni ya kikombe.

Povu lisiloisha laweza kuwa protini inayovuja kupitia figo. Omba apimwe albumini (ndiyo hiyo protini) kwenye mkojo, kreatinini (taka ambayo figo huichuja) kwenye damu, na presha. Figo huharibika bila maumivu, ndiyo maana vipimo hivi, na macho pia, hurudiwa kila mwaka hata mtu akijisikia mzima.

Zile diklofenaki, dawa za maumivu ya magoti ulizotaja, tafadhali aziache mpaka daktari aseme, zinaumiza figo. Lakini dawa za sukari na presha asikatishe hata siku moja.