Kabati la vitabu bustanini

SWALI: Dada, mi na wenzangu hapa Moshi tunataka kuweka kabati la vitabu vya bure kwenye bustani ya mtaa, tuanzie wapi, na je havitaibiwa?

JIBU: Hongereni sana jamani! Kwanza ombeni kibali manispaa kwa maandishi, bustani ni ya umma. Wazo hili lilipata umaarufu kupitia Todd Bol wa Hudson, Wisconsin, Marekani, ambaye mwaka 2009 alijenga kasanduku ka vitabu mfano wa shule kumkumbuka mamake aliyekuwa mwalimu. Nyie wekeni miguu ya chuma, paa la bati lililoinama likatokeza mbele, mlango wa kioo wenye mpira pembeni, maana mchwa na masika ndo vinamaliza vitabu kuliko wezi. Kitabu kikiondoka kimepata msomaji, msiumie. Ila pangeni zamu kila wiki, mtoe vilivyolowa, na vya watoto vikae chini wavifikie wenyewe.