Maswali na majibu: mauaji katika miji ya Marekani na asilimia zake

Toleo lililopita niliandika kwamba, kwa takwimu za FBI (shirika la upelelezi la serikali kuu ya Marekani), mauaji nchini Marekani yalipungua kwa karibu asilimia 15 mwaka 2024. Maswali yamemiminika. Nimeyafupisha, na yanayofanana nimeyaunganisha.

SWALI: Nimesoma kwamba Boston imepunguza mauaji kwa asilimia 35 ndani ya mwaka mmoja, Chicago asilimia 7 tu. Kwa nini Chicago wasiende Boston kujifunza? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Ziweke kando asilimia kwanza, tuhesabu watu. Boston waliuawa watu 37 mwaka 2023, na 24 mwaka 2024. Pungufu ni watu 13. Chicago walikuwa 617, wakawa 573. Pungufu ni 44. Kwa hiyo mji "ulioshindwa" umeokoa roho nyingi zaidi kuliko ule unaopigiwa makofi. Mji wenye mauaji machache, ugomvi wa baa mbili tatu ukiishia kwa bastola unatosha kuivuruga asilimia ya mwaka mzima.

Boston ni salama kuliko Chicago, hilo halina ubishi, ila si hiyo 35 inayokuonesha. Gawanya kwa idadi ya wakazi: Chicago ni kama mauaji 21 kwa kila watu 100,000, Boston hayafiki hata manne. Orodha za "miji iliyofanya vizuri zaidi" mimi huzipita tu.

SWALI: Shemeji yangu yuko Chicago, anasema hali imetulia sana. Rafiki yangu naye yuko hukohuko, anasema ni mbaya kuliko zamani. Nani mwongo? (Kisumu)

JIBU: Hakuna mwongo. Wameanzia miaka tofauti. Mwaka 2019 Chicago ilikuwa na mauaji kama 500. Mwaka 2021 yakafika kama 800. Mwaka 2024 ni hayo 573. Shemeji anaanzia 2021, anaona yameshuka zaidi ya robo. Rafiki anaanzia 2019, anaona bado yako juu. Wanasiasa wanaujua mchezo huu vizuri mno: aliye madarakani huchagua mwaka mbaya wa kuanzia, mpinzani wake huchagua mzuri.

Kilichotokea katikati ni mwaka 2020, ambapo mauaji nchi nzima yalipanda kwa karibu asilimia 30, ongezeko ambalo halijawahi kuonekana kwa mwaka mmoja tangu FBI waanze kuweka hesabu za kitaifa. New York peke yake ilitoka 319 hadi 468. Korona ilifunga shule, vituo vya vijana na huduma za mitaani, bunduki zilinunuliwa kwa wingi, na baada ya polisi kumuua George Floyd, Mmarekani mweusi, mwezi Mei, uhusiano wa polisi na wananchi ukazidi kuharibika. Wataalamu bado wanabishana kipi kilichangia zaidi. Kwa hiyo ukiona habari ya "yamepungua" au "yameongezeka", tafuta tarakimu ya 2019 uiweke pembeni kabla hujafurahi au kukasirika.

SWALI: Mwanangu amepata nafasi ya chuo St. Louis. Kila mtu ananitisha kwamba mji huo unaongoza kwa mauaji. Nimzuie? (Mama, Arusha)

JIBU: Shikamoo mama. Hofu yako ina msingi, ila hesabu yenyewe ina kasoro. Mwaka 1876 mji wa St. Louis ulijitenga na kaunti yake, na mipaka ikabaki hiyohiyo hadi leo. Ukisikia "St. Louis" kwenye takwimu, maana yake ni eneo la kilomita za mraba 160 hivi lenye watu kama 280,000, wakati mji halisi pamoja na vitongoji vyake una zaidi ya milioni mbili na nusu. Houston ilifanya kinyume: ilimeza vitongoji vyake hadi ikapita kilomita za mraba 1,600, na mitaa yake tulivu inapunguza makali ya wastani.

Hata ndani ya mpaka huo mdogo, mauaji yalishuka kutoka 263 mwaka 2020 hadi 150 mwaka 2024. Bado ni mengi sana, sikufichi. Lakini hayakutapakaa sawasawa. Kuna barabara iitwayo Delmar inayokata mji: kaskazini yake ni mitaa masikini ya Wamarekani weusi, iliyotelekezwa kwa miongo mingi, na huko ndiko mauaji mengi hutokea. Muulize mwanao atapanga mtaa gani na atarudije nyumbani usiku. Majibu yake yatakusaidia kuliko nafasi ya mji kwenye orodha.

SWALI: Mji wa Baltimore wamefanya nini hadi mauaji yakapungua?

JIBU: Kuanzia 2015 hadi 2022 waliuawa zaidi ya 300 kila mwaka. Wakashuka hadi 263, kisha 201 mwaka 2024. Mji ulianza, upande wa magharibi, kuwatafuta watu wachache wanaohusika na risasi na kuwapa njia mbili: tukusaidie utoke, au ukiendelea tukushtaki. Naamini imesaidia. Lakini Philadelphia nayo ilitoka 410 hadi 269 mwaka uleule, kwa mipango yake tofauti. Panapopungua karibu kila mahali, meya asijipigie kifua peke yake.

SWALI: Mtu akipigwa risasi Desemba akafa Januari, anahesabiwa mwaka upi?

JIBU: Kwa kawaida, mwaka ambao kifo kinathibitishwa kuwa ni mauaji. James Brady, msemaji wa Rais Reagan, alipigwa risasi mwaka 1981, akafariki 2014, na daktari akaandika kwamba ni mauaji; kwa hiyo ni mauaji ya 2014, si ya 1981. Pia inategemea nani anahesabu: polisi wa Chicago hawaingizi waliouawa kwenye barabara kuu za mwendo kasi, maana hizo ziko chini ya polisi wa jimbo la Illinois. Usishangae ukikuta jumla mbili za Chicago kwa mwaka mmoja.