Miguu ya mtoto imejaa: si unene huo

Pole, dada wa Newala. Umesema mwanao wa miaka 2 amejaa miguu na uso, nywele zimegeuka nyekundu na nyepesi, na mlo wake mkubwa ni uji na ugali wa muhogo. Majirani wanasema amenenepa. Hapana, usiwasikilize.

Bonyeza kwa dole gumba upande wa juu wa unyayo, si chini anapokanyagia, miguu yote miwili kwa pamoja, huku ukihesabu 101, 102, 103, kisha achia. Kikibaki kishimo kwenye miguu yote, hayo ni maji, na huenda ni utapiamlo mkali. Muhogo unashibisha lakini protini yake ni ndogo mno.

Mpeleke kituo cha afya leo, na kadi ya kliniki. Watampima mzunguko wa mkono wa kushoto, sehemu ya juu ya kiwiko, kwa utepe. Chini ya sentimita 11.5 ni hatari, lakini mwenye uvimbe anahitaji matibabu hata utepe ukisoma zaidi. Akikataa kula, akilegea au mwili ukiwa wa baridi, nenda hata usiku. Tafadhali usimpe dawa za kukojoza maji, wala usimshindilie vyakula vizito ukitaka apone haraka: mwili uliodhoofika hivyo unaweza kuzidiwa.

Vuta na kope la chini uangalie. Pakiwa peupe, waombe wampime damu, malaria na minyoo.

Dagaa, mbaazi, choroko, korosho za kusaga kwenye uji, vyote vipo kwetu, mpe watakapokuruhusu.