Kichanga anacheua, anakula titi na kopo: kabla hujaacha kimojawapo

Hongera kwa mtoto, mama, na pole kwa kufua. Umeuliza uache titi au uache kopo, maana kichanga wako wa wiki tatu anacheua kila akimaliza kula, wakati mwingine mpaka puani, na mama mkwe amekwambia maziwa ya aina mbili yanagombana tumboni. Wangu wa pili alikula hivyo hivyo, titi na kopo tangu wiki ya kwanza, na alikuwa mcheuaji haswa. Mtu akimpakata bila kitambaa begani, lazima abadili nguo. Nakujibu kwa niliyoyapitia, pamoja na niliyoelekezwa na daktari wa watoto aliyekuwa anatuona.

Tuanze na hilo la kugombana. Hayagombani. Maziwa ya mama na ya kopo yakikutana tumboni yote yanasagwa, ila ya kopo hukawia kidogo kutoka. Mtoto anacheua kwa sababu mwili wake bado mchanga. Pale umio unapoingia tumboni kuna msuli wa mviringo unaofunga njia chakula kikishapita, na kwa kichanga msuli huo hulegea hovyo. Chakula chenyewe ni cha majimaji, tumbo ni dogo, na saa nyingi yuko chali. Ndiyo maana zaidi ya nusu ya watoto wa miezi mitatu ya mwanzo hucheua kila siku, na wanaonyonya titi tupu wamo. Huwa inazidi mpaka miezi minne hivi, inapungua akianza kukaa, na wengi wakitimiza mwaka imeshaisha. Kutokea puani kusikutishe, pua na mdomo vinakutana kule nyuma ya koo. Na yakitoka yameganda mabongemabonge maana yake yameshakaa tumboni yakakutana na asidi, hayajaharibika.

Kwa hiyo mimi nisingeanza na swali la maziwa gani. Ningeuliza anakula kiasi gani kwa mkupuo mmoja, na kwa kasi gani. Kwangu mabadiliko yote ya maana yalitoka hapo.

Kiasi kwanza. Siku ya kuzaliwa tumbo la mtoto linapokea mililita 5 hadi 7, kama kijiko kimoja cha chai. Akifikisha wiki moja ni 45 hadi 60 hivi. Hesabu niliyopewa kliniki ni kwamba mtoto anayekula kopo tupu, akishapita wiki ya kwanza, anahitaji karibu mililita 150 kwa kila kilo ya uzito wake kwa saa 24. Tuseme wako ana kilo 3.5. Hiyo ni mililita 525 kwa siku nzima, na akila mara nane inakuwa 65 kwa mlo. Sasa kumbuka hiyo ni ya mtoto asiyenyonya kabisa! Wa kwako ametoka titini, ameshapata chake, halafu anafuatishiwa chupa iliyojazwa kwa kufuata jedwali la nyuma ya kopo. Jedwali lile limepangwa kwa mtoto wa kopo tupu. Ziada haina pa kwenda, itarudi juu.

Nilichofanya mimi ni kutengeneza kidogo. Baada ya kunyonya matiti yote mawili nilikuwa namwongezea mililita 20 au 30, basi. Akionyesha bado anataka, naongeza kidogo tena. Chupa inayosimama badala ya mlo mzima wa titi nilikuwa natengeneza 60. Alichobakisha namwaga, na hapo ndipo nilipopambana na watu wa nyumbani, maana kumwaga maziwa ya kopo kunauma. Lakini mtoto akigeuza uso, akifumba mdomo au mikono yake ikilegea na kufunguka, ameshiba, hata kama mililita 15 zimebaki. Ukimsukumia amalize, utazikuta begani.

Na ukiona aliyocheua yamelowesha nguo nzima ukadhani hakubakiwa na kitu, fanya jaribio hili: mimina kijiko kimoja kikubwa cha maji, yaani mililita 15, juu ya kitambaa kikavu. Utashangaa doa litakavyoenea. Mimi nilipofanya hivyo niliacha kumlisha upya kila akicheua. Kwa kweli kumlisha upya papo hapo ndiko kunakoanzisha mzunguko mwingine.

Sasa kasi. Titi linamlazimisha mtoto afanye kazi: anavuta, maziwa yanashuka, anapumzika, anavuta tena. Chupa haina mapumziko hayo ukiiinua juu, maziwa yanamshukia tu naye anameza asije akapaliwa. Watu wanasema ana njaa, tazama anavyofakamia! Wala. Anajiokoa. Tafuta chuchu ya chupa yenye mtiririko mdogo kabisa, ile ya watoto wachanga, na usiibadilishe kwa sababu tu mwezi umetimia. Mkalishe karibu wima mapajani, kichwa umekishika, na chupa iwe imelala, isiinamie chini, maziwa yajae kwenye chuchu tu. Usimchomekee mdomoni, mguse mdomo wa juu kwa chuchu asubiri afungue mwenyewe. Akishameza mara kadhaa, shusha kitako cha chupa maziwa yarudi nyuma, apumue, halafu endelea. Chupa ya mililita 60 iende dakika 15 hadi 20. Baba yake alikuwa anaona kama namchezea mtoto, alipoona kitambaa cha begani kinakaa kikavu akajifunza mwenyewe.

Mfundishe kila anayempa chupa, si baba tu. Faida ya pili ya kulisha taratibu ni kwamba mtoto hazoei ulaini wa chupa akaja kulikataa titi.

Upande wa titi pia una mambo yake. Kama maziwa yako yakishuka yanaruka kama bomba lililofunguliwa ghafla, mtoto anakohoa, anaachia, anameza hewa. Egemea nyuma mtoto awe juu yako, kifua kwa kifua, maziwa yapande badala ya kumwagika kooni. Au yale ya mwanzo ya kasi yaache yamwagikie kwenye kitambaa, kisha mrudishe. Hakikisha pia ameshika titi vizuri, mdomo wazi umechukua na sehemu nyeusi, isiwe ncha ya chuchu peke yake. Akishika vibaya anameza hewa, na hewa ikitoka inapanda na maziwa.

Mpangilio uliotufaa: titi kwanza, kopo baadaye, karibu kila mara. Usiku titi tupu, maana homoni inayotengeneza maziwa huwa juu usiku, na pia nani anataka kuchemsha maji saa tisa za usiku. Chupa kubwa nilimwachia baba yake jioni, nikawa nakamua wakati huo huo. Hili la kukamua usilidharau. Matiti hutengeneza kwa kadiri yanavyotolewa, kila chupa inayochukua nafasi ya titi bila kukamua ni taarifa kwa mwili kwamba punguza. Kichanga hunyonya mara 8 hadi 12 kwa saa 24, jitahidi matiti yasishuke sana chini ya hapo kama unataka kuendelea. Mimi niliongezewa kopo kwa maelekezo kwa sababu uzito wa mtoto ulikuwa umeshuka kupita kiasi, na maziwa yalipokuja vizuri kopo likapungua lenyewe. Shirika la Afya Duniani linashauri titi tupu miezi 6 ya mwanzo, lakini mwenye sababu ya kuchanganya hana haja ya kujificha, titi linalobaki lina faida yake.

Kama unaishi na VVU, usianze wala usiendelee kuchanganya kabla ya kuzungumza na mtoa huduma anayekupa dawa, kuna maelekezo mahususi juu ya hilo.

Umeuliza pia kama unaweza kuchanganya yote kwenye chupa moja. Inawezekana, ila siyo kukoroga unga wa kopo kwa maziwa ya mama badala ya maji. Hiyo usifanye kamwe, inakuwa nzito kupita kiasi kwa figo zake. Unatengeneza ya kopo kwa maji kama kawaida, ndipo unamimina uliyoyakamua. Mimi nilipendelea kumpa nilichokamua kwanza, kikiisha ndipo la kopo. Mtoto akibakisha, afadhali nimwage ya kopo kuliko jasho langu.

Katika kutengeneza, unga wa kopo si kitu kisicho na vijidudu hata likiwa jipya. Chemsha maji, yaache yapoe kidogo lakini yasishuke chini ya nyuzi 70, yaani usipitishe nusu saa. Maji kwanza, kisha unga, vijiko vilivyosawazishwa kwa idadi iliyoandikwa kwenye kopo. Usiongeze kijiko ili ashibe wala usipunguze ili lisiishe. Poza chupa kwenye maji baridi, pima kwenye kifundo cha mkono. Yaliyokaa saa 2 tangu yatengenezwe mwaga, na aliyoanza kunyonya akabakisha usimwekee mlo unaofuata. Jambo dogo lenye matokeo: usiitikise chupa kwa nguvu. Povu lote lile ni hewa anayokwenda kuimeza. Zungusha polepole, acha mapovu yatulie ndipo umpe.

Baada ya kula mbebe wima dakika 20 hadi 30, bila kumrusharusha. Abeue katikati ya mlo na mwishoni. Asipobeua baada ya dakika chache mwache, si lazima. Nepi badilisha kabla ya kula, maana ukimlaza na kuinua miguu tumbo limejaa unajua kitakachotokea. Kiti cha gari hakisaidii, kinamkunja tumbo.

Kulala ni chali, kwenye godoro gumu lililo bapa, bila mto wa kumwinua. Najua utaambiwa atapaliwa na matapishi, umlaze kifudifudi au ubavu. Akiwa chali njia ya hewa iko juu ya umio, kwa hiyo kinachorudi kinaelekea kushuka tena kwenye umio. Kifudifudi ni kinyume chake, juu ya hatari ya vifo vya ghafla vya watoto wachanga. Hapo mimi sikumsikiliza mtu.

Kubadilisha makopo kila wiki sikushauri. Nimewaona akina mama wanaruka kutoka kopo moja hadi jingine, na mtoto hajapata hata nafasi ya kulizoea la kwanza. Kuna makopo mazito ya watoto wanaocheua sana, na mengine ya wenye mzio wa protini ya maziwa ya ng'ombe, lakini hayo ni ya kuamuliwa na daktari. Akiwa na damu au utelezi mwingi kwenye choo, vipele vikavu vinavyowasha, analia kwa maumivu akila, hapo muulize daktari kuhusu mzio. Maji ya kutuliza gesi tumboni (gripe water), maji ya kunywa, uji kwenye chupa: hapana kwa umri huu. Choo kubadilika rangi na kuwa kigumu kidogo kuliko cha titi tupu ni kawaida ya kopo.

Mizani ndiyo itakayokwambia kama kucheua ni kero ya kufua tu. Watoto hupungua siku za mwanzo, hadi asilimia 7 na wakati mwingine 10, na wengi hurudia uzito wa kuzaliwa kwenye wiki mbili. Baada ya hapo gramu 20 hadi 30 kwa siku ni mwendo mzuri. Nepi zilizolowa mkojo ziwe 6 au zaidi kwa siku. Mtoto anayecheua huku anaongezeka na anacheka usingizini, mfulie tu.

Mpeleke hospitali bila kungoja akitapika rangi ya kijani au damu, homa ya nyuzi 38 au zaidi, utosi ukibonyea, mkojo ukipungua, tumbo likivimba na kuwa gumu, akikataa kula, akipumua kwa shida au akilegea. Na hii uishike, kwa sababu wa kwako yuko kwenye umri wenyewe: akianza kutapika kwa kuruka mbali, karibu kila mlo, halafu papo hapo anataka kula tena. Kati ya wiki 2 na 8 msuli wa mlango wa chini wa tumbo unaweza kunenepa ukaziba njia ya kwenda utumboni, zaidi kwa watoto wa kiume. Hutibiwa kwa upasuaji mdogo na hupona, ila haitaki kusubiriwa nyumbani.

Hujaandika chupa moja unampa mililita ngapi, wala uzito wake wa kuzaliwa na wa kliniki ya mwisho. Viweke hapa tupige hesabu, na useme chuchu ya chupa unayotumia ni ya namba ngapi.