Makaratasi ya veterineri, nani analipa?

Weye unasema leta, ni kusema serikali, iache kusumbua makliniki ya kutunza wanyama na makaratasi ya ruhusa juu bei inapanda, ni kweli kiasi, ile pesa ya makaratasi mwenye kliniki anaitia tu ku bei ya chanjo na mwenye mbwa njo analipa. Lakini chanjo ya kichaa cha mbwa inaomba frigo ya digri 2 mpaka 8, na hapa Goma na hizi kukatika za umeme, kama hakuna mwenye anakuja kuangalia utajuaje dawa ingali nzima? OMS, shirika la afya la dunia, inaomba 70% ya mbwa wachanjwe, sasa bei ikizidi watu wanaacha, hapo leta inajiharibia. Mi ningebakisha ukaguzi, nitoe zile serivisi za leta zinakuja kila moja na risiti yake, zinaomba franga na hata frigo hazifungue.