P9 mbili na deni kwenye iTax
Una P9 mbili (fomu ya mwajiri ya mshahara na kodi uliyokatwa mwakani) za mwaka mmoja na iTax, mfumo wa mtandaoni wa KRA (Mamlaka ya Mapato ya Kenya), inakudai, ilhali PAYE (kodi ya mshahara) ilikatwa kila mwezi? Angalia miezi ambayo waajiri wote wawili walikulipa. Kila mmoja alikupa nafuu ya binafsi (punguzo la kodi) ya shilingi 2,400 kwa mwezi na kuanza kukukata kwa asilimia 10, lakini unastahili nafuu moja tu, 28,800 kwa mwaka. Deni ni halali. Usiache P9 moja nje, maana mwajiri alishawasilisha makato yako KRA kwa PIN yako (namba ya mlipakodi). Kwenye ritani (taarifa ya kodi ya mwaka), jaza kila mwajiri kwenye mstari wake. Una bima ya maisha? Dai asilimia 15 ya ulicholipa, isizidi 60,000 kwa mwaka, ukiwa na cheti cha bima. Ritani mwisho 30 Juni.